Bia ya Tatu

Katika baa nyingi za Dar es Salaam, mhudumu hana haraka ya kuondoa chupa tupu. Huziacha mezani, au huzisogeza chini karibu na miguu ya wateja, mpaka bili itakapoombwa. Si uvivu huo. Chupa hizo ndizo daftari lake: ikifika saa tano usiku na watu watano wakaanza kubishana nani kanywa ngapi, yeye huinama, huhesabu, na ubishi huisha. Hiyo ni hesabu ya shilingi. Hesabu nyingine, ya gramu, inaendelea ndani ya miili ya wale watano, na pale mezani hakuna anayeifuatilia.

Gramu zenyewe si fumbo. Kilevi kilichomo ndani ya kila pombe, iwe bia, mnazi, mvinyo au gongo, ni kemikali moja iitwayo ethanoli. Shirika la Afya Duniani, WHO, huchukua gramu 10 za ethanoli kuwa kipimo cha kinywaji kimoja. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za ethanoli, ambazo uzito wake ni karibu gramu 20. Kwa hiyo anayeapa kuwa amekunywa moja tu, kwa kipimo cha madaktari amekunywa mbili. Chupa ndogo ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 35, ile inayoingia mfukoni bila kuonekana, ina gramu 55, karibu sawa na bia tatu. Na hapo kwenye gramu 60 ndipo WHO ilipochora mstari: anayefikisha kiasi hicho katika kikao kimoja, hata kama ni mara moja tu kwa mwezi, anahesabiwa kuwa mnywaji mzito wa mkupuo.

Bia tatu! Kwa meza ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, bia tatu ni kabla nyama haijatoka jikoni.

Mnywaji wa aina hii hajioni mlevi hata kidogo. Mlevi kwake ni yule wa kilabuni anayeanza saa nne asubuhi, anayelala mtaroni, aliyekimbiwa na mke. Yeye ana kazi, ada za watoto zimelipwa, na tangu Jumatatu hadi Alhamisi hagusi kitu. Akiulizwa hospitalini kama anatumia pombe, hujibu kwamba anakunywa kidogo tu, na marafiki. Hadanganyi, ndivyo anavyojiona. Lakini ini halijui kama chupa ililetwa na rafiki au na upweke, wala haliweki akiba ya siku nne za kutokunywa ili kulipia Ijumaa.

Kinachomfikisha kwenye bia ya tatu, na ya nne, na ya sita, mara nyingi si kiu wala uraibu. Ni raundi. Mmoja anafika, amepata hela yake ya posho, anaita: "Dada, wape wote kama walivyo." Kila aliyepewa sasa ana deni. Wakiwa watano, na kila mmoja akitaka kulipa heshima aliyopewa, zimeshatimia raundi tano. Mwenye kunywa taratibu hujikuta na chupa mbili zimesimama mbele yake zinamsubiri, huku mwenzake wa upande wa pili akimuuliza kama zimemshinda. Kasi ya meza nzima huwekwa na anayekunywa haraka kuliko wote. Mtu ambaye nyumbani, mbele ya televisheni, moja ingemtosha, hapa anamaliza tano bila kuamua hata mara moja kwamba anataka tano.

Anayekataa naye ana kazi ya kujieleza. Mtu mzima akiagiza soda baa, swali la kwanza ni: "Vipi kaka, uko kwenye dozi?" Ni utani, ila ndani yake mna mtazamo kwamba kutokunywa ni hali ya mgonjwa, ya muda, na kwamba dozi ikiisha mtu atarudi kundini. Wapo wanaoligeuza swali hilo kuwa kinga: kila wiki wako kwenye dozi, na wanaachwa kwa amani. Mwanamke hupewa mtihani mwingine, maana akikataa pombe mbele ya mashemeji wanaomfahamu kuwa hunywa, macho yote hushuka tumboni mwake.

Dhana kwamba kila mtu anakunywa haina msingi wowote. Zaidi ya nusu ya watu wazima duniani hawanywi kabisa. Nchini Kenya, ambako kelele za pombe hazikauki magazetini, utafiti wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya nchi hiyo ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanane wenye umri wa miaka 15 hadi 65 ndiye anayetumia pombe, na takriban mmoja kati ya ishirini ana tatizo la matumizi yake. Ukisoma takwimu hizo polepole utaona kinachotisha: wanywaji ni wachache kuliko inavyodhaniwa, lakini katika hao wachache, wenye matatizo ni wengi mno. Katika eneo letu mtu hanywi, au akinywa anakunywa hasa. Ule unywaji wa glasi moja ya mvinyo na chakula cha jioni, unaosifiwa kwenye majarida ya Ulaya, huku haujawahi kuwa na wafuasi wengi.

Turudi kwenye ini. Karibu ethanoli yote mtu anayokunywa huvunjwa na ini, na ini lina kasi yake isiyobembelezeka: kwa wastani gramu 7 hadi 10 kwa saa. Ni kama mashine ya kusaga ya kijijini. Hata foleni ikifika barabarani, mwenye mashine hana namna ya kuiongezea kinu. Tuseme fundi mmoja amekaa saa moja usiku, akanyanyuka saa sita akiwa na bia sita. Hizo ni gramu karibu 118. Ini lenye kasi litamaliza kazi kama saa moja asubuhi. Lile la polepole litaendelea hadi karibu saa sita mchana. Huyo fundi akiamka saa kumi na moja alfajiri, akaoga maji ya baridi, akanywa kahawa na kuwasha pikipiki, anajisikia mzima, lakini damu yake inaweza kuwa bado iko kwenye kiwango ambacho sheria ya usalama barabarani inakikataza. Dereva wa Kenya anayeshikwa asubuhi na Alcoblow, kipimo cha pumzi cha polisi, anaweza kudhani mashine ni mbovu.

Maji ya baridi hayaharakishi ini. Kahawa haiharakishi. Supu ya kongoro, pamoja na sifa zake zote, haiharakishi. Inarudisha maji na chumvi mwilini, na hilo ni jambo jema, lakini foleni iko palepale. Chakula kinasaidia kikiliwa kabla, kwa kuwa hupunguza kasi ya pombe kuingia kwenye damu. Kuzimua, yaani kunywa bia asubuhi ili kuua uchovu wa bia za jana, kunaahirisha tu mateso, na kwa mtu anayefanya hivyo mara kwa mara ni dalili ya hatari ambayo tutaifikia.

Mwanamke anayekunywa sambamba na wanaume wa meza yake hayuko sawa nao kwenye hesabu. Kwa kawaida mwili wake una maji machache zaidi kuliko wa mwanamume wa uzito uleule, na pombe huenea kwenye maji ya mwili. Hivyo chupa ileile humwachia kiwango kikubwa zaidi katika damu. Akiwa mjamzito, pombe hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto ambaye ini lake halijakomaa. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa mimba. Imani ya mitaani kwamba bia nyeusi huongeza damu kwa mama aliyejifungua imewatoa wengi shilingi zao. Madini ya chuma yaliyomo humo ni haba, na sahani ya maharage au maini humshinda mtengenezaji wa bia yeyote.

Si haki kulizungumza jambo hili kana kwamba pombe ilishuka jana na meli. Uchagani, mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zinazochemshwa kwa saa nyingi na kuachwa zichache siku kadhaa, kisha huchanganywa na uji wa ulezi ulioota na kutiwa uchungu kwa magome ya msesewe. Ni kazi ya karibu wiki nzima. Kwa mbege posa ilizungumzwa, ugomvi wa mpaka wa shamba ulisuluhishwa, na wazee walitambikiwa. Kata ilizunguka kwa mpangilio wa umri, na kijana aliyeitamani kabla ya zamu yake alijua atakavyotazamwa. Iringa na Njombe wana ulanzi unaogemwa kwenye mianzi msimu wa mvua. Kagera wana rubisi. Pwani wana mnazi. Kwa Waluo na Waluhya kuna busaa. Kwa Wakikuyu muratina. Pombe hizi zina ethanoli ileile na madhara yaleyale, ila zilikuwa na uzio: msimu, kazi ya mikono, na jicho la wakubwa.

Uzio huo ulivunjika taratibu. Mkataba uliotiwa saini Saint-Germain-en-Laye, Ufaransa, mwaka 1919, uliyataka madola ya kikoloni kuzuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Kwa sehemu kubwa ya enzi hiyo Mwafrika wa Kenya au Tanganyika hakuruhusiwa kununua pombe kali ya Mzungu, na hata bia ya chupa ilikuwa na vikwazo vyake. Wakati huohuo viwanda vilikuwa vinajengwa. Nairobi, ndugu wawili wa familia ya Hurst walianzisha Kenya Breweries mwaka 1922. Mmoja wao, George, aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na ndiyo maana bia ya Tusker ina kichwa cha tembo mpaka leo. Dar es Salaam nayo ilipata kiwanda chake mwaka 1933. Vikwazo vilipoondolewa, chupa haikuwa kinywaji tu. Ilikuwa ushahidi kwamba mtu amefika. Harufu ya ushahidi huo bado iko kwenye bajeti za kamati za harusi, ambapo mjumbe anayependekeza kupunguza kreti hutazamwa kama aliyependekeza harusi isifungwe.

Nini hasa hutokea kwa miaka mingi ya Ijumaa? Ethanoli inapovunjwa huzaa kwanza kitu kiitwacho asetaldehidi, ambacho ni sumu inayoharibu vinasaba vya seli. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, kundi lilelile la tumbaku. Saratani zinazohusishwa nayo ni za kinywa, koo, zoloto, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Kwa saratani ya matiti, hata kinywaji kimoja kwa siku huongeza hatari. Ongezeko hilo ni dogo kwa mwanamke mmoja mmoja, lakini lipo, na wanawake wengi wanaokunywa mvinyo kwa kuamini ni salama kuliko bia hawajawahi kuambiwa.

Saratani ya umio inatuhusu kwa namna ya pekee, kwa sababu ukanda unaoshuka kutoka Kenya hadi Malawi kupitia Tanzania ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi wa saratani hiyo duniani. Mgonjwa hufika hospitali akiwa tayari anashindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha maji. Watafiti wa IARC walishirikiana na hospitali za Eldoret, Moshi na Blantyre kutafuta chanzo. Hawakukuta kisababishi kimoja. Chai inayonywewa ikiwa moto kupita kiasi imetajwa, tumbaku pia. Magharibi mwa Kenya, hata hivyo, pombe ilijitokeza waziwazi, busaa na chang'aa, yaani gongo ya Kenya, zikiwemo, na hasa kwa wanaume.

Kwenye ini lenyewe, safari huanza kimya. Mafuta hujikusanya ndani ya seli zake, na hatua hiyo haina maumivu. Mtu akiacha kunywa kwa wiki chache, mara nyingi ini hurudi lilivyokuwa. Ni moja ya habari njema chache katika makala hii. Asipoacha, huja uvimbe, kisha makovu, na makovu yakitapakaa ini husinyaa na kuwa gumu. Hapo macho hugeuka manjano, tumbo hujaa maji, miguu huvimba, na mishipa ya umio yaweza kupasuka na kumwaga damu kwa dakika chache. Makovu hayo hayafutiki. Na kwetu kuna jambo linaloongeza uzito: homa ya ini aina ya B imeenea Afrika Mashariki, na wengi wenye virusi vyake hawajui. Ongeza aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Ini linalopigana na virusi na aflatoksini kisha likamwagiwa gramu 118 kila Ijumaa halilinganishwi na ini la mtu wa Paris. Kipimo cha homa ya ini B ni cha damu, cha haraka, na kwa asiye nayo chanjo ipo.

Pombe pia hupandisha shinikizo la damu, huharibu usingizi hata kama humfanya mtu alale haraka, na humsahaulisha mgonjwa dozi zake, ziwe za kifua kikuu, kisukari au ARV. Kwa mujibu wa WHO, watu milioni 2.6 walikufa duniani kwa sababu zinazotokana na pombe mwaka 2019. Milioni 2 kati yao walikuwa wanaume. Si wote waliokufa kwa magonjwa ya polepole: wamo waliogongwa, waliogonga, waliochomwa visu, waliojiua.

Vipi kuhusu ile habari kwamba kunywa kidogo hulinda moyo? Haikutungwa na walevi. Tafiti za zamani zilionyesha kweli kwamba wanywaji wa kiasi waliishi muda mrefu kuliko wasiokunywa. Tatizo lilikuwa kwenye kundi la wasiokunywa, kwa kuwa ndani yake walihesabiwa watu walioacha kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Ukilinganisha mnywaji mzima na mgonjwa aliyeacha, mnywaji atashinda kila mara. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa karibu wanywaji 600,000 wa nchi tajiri 19, na ikaonekana kwamba hatari ya kufa mapema huanza kupanda mtu akivuka gramu 100 kwa wiki. Hizo ni bia tano za nusu lita. Kwa wiki nzima, si kwa Ijumaa. Januari 2023, WHO ilisema bila kuzunguka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Maneno hayo yaliwaudhi wengi, nayo yanahitaji kusomwa kwa akili: hayasemi kwamba bia moja itakuua. Yanasema hatari huanza na tone la kwanza na hupanda kadiri unavyoongeza, na hakuna ngazi ambayo mtu akisimama hapo atasema amevuna faida.

Kuna hatari nyingine isiyosubiri miaka. Mgema wa methali, akisifiwa, tembo hulitia maji. Muuzaji wa siku hizi hutia methanoli. Hii ni ndugu wa ethanoli, hutumika viwandani, na kwa macho na pua haitofautiki nayo kwa urahisi. Mwilini hugeuka asidi ya fomiki, ambayo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Mnywaji hulewa kama kawaida, hulala, na kesho yake, saa 12 hadi 24 baadaye, huanza kuona ukungu, kichwa kinapasuka, pumzi inakwenda mbio. Vijiko vichache vyatosha kupofusha. Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru jijini Nairobi, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 120. Mei 2014 wakafa makumi katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo. Februari 2024 ikawa zamu ya kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu wasiopungua 17. Aliyekunywa na kuona ukungu hafai kulazwa nyumbani. Dawa zipo na hospitali kubwa zinaweza kusafisha damu, lakini kila saa ina gharama yake.

Serikali zimejaribu mengi. Kenya ilihalalisha chang'aa mwaka 2010 kwa sheria iliyobeba jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, John Mututho, kwa matumaini kwamba itatengenezwa kiwandani na kupimwa. Sheria hiyohiyo iliziamuru baa zifungue saa kumi na moja jioni na kufunga saa tano usiku siku za kazi. Vifo vya 2014 na 2024 vinaonyesha matumaini yalifika wapi. Tanzania ilipiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Viroba vilikuwa balaa la aina yake: pakiti ya plastiki ya pombe kali, bei ya mia chache, inafichika kwenye soksi ya mwanafunzi na kwenye mfuko wa dereva wa bodaboda. Chupa ndogo zikajaza sehemu ya nafasi iliyoachwa, lakini marufuku ile inastahili sifa, kwa sababu iliigusa bei na upatikanaji, mambo mawili ambayo WHO huyataja daima kuwa miongoni mwa yanayopunguza unywaji kweli. Tangazo la "kunywa kistaarabu", linaloandikwa kwa herufi ndogo chini ya picha ya vijana wanaocheka, halimo kwenye orodha hiyo. Ustaarabu hauna gramu.

Kwa mtu mmoja mmoja, msaada si lazima uwe mkubwa. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, watafiti wa hapo na wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliwapima majeruhi wanaofika chumba cha dharura na kukuta wengi walikuwa na pombe mwilini. Wakatengeneza mpango kwa Kiswahili, wakauita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Muuguzi aliyefunzwa huketi na majeruhi kwa kama dakika 15. Hamhubirii. Humuuliza anapenda nini kwenye pombe, hapendi nini, na jeraha la leo linahusianaje na chupa za jana, kisha mgonjwa mwenyewe hupanga kiasi atakachopunguza. Baadaye ujumbe mfupi wa simu humkumbusha. Hata asiyevunjika mguu anaweza kujipima kwa maswali kumi ya WHO yaitwayo AUDIT, ambayo yana tafsiri ya Kiswahili: unakunywa mara ngapi, ngapi kwa siku, mara ngapi umeshindwa kukumbuka ya jana, nani ameshakuambia upunguze. Alama huanzia 0 hadi 40, na anayefikisha 8 ana sababu ya kuzungumza na daktari.

Na wale waliozoea Ijumaa wana njia zao za mezani. Wapo wanaolipia chao na kukataa raundi tangu mwanzo, wakaitwa wabahili kwa mwezi mmoja kisha wakazoeleka. Wengine huanza na chakula, au huweka chupa ya maji kati ya kila bia, au humwambia mhudumu pembeni asiwafungulie bila kuuliza. Wahudumu hutii.

Kundi moja tu halipaswi kujaribu peke yake. Anayekunywa sana kila siku, ambaye asubuhi mikono hutetemeka na jasho humtoka mpaka azimue, mwili wake umeshajengeka juu ya pombe. Akiacha ghafla anaweza kupata degedege ndani ya saa 48, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, homa ikapanda, hata akafa. Ndugu wengi humfungia chumbani wakidhani wanamsaidia, au humpeleka kuombewa siku ambayo angepaswa kuwa wodini. Hali hiyo hutibika kwa dawa za kutuliza na vitamini B1, chini ya uangalizi, katika hospitali yoyote ya rufaa yenye kitengo cha afya ya akili. Mpelekeni huko kabla hajaacha, si baada ya degedege la kwanza, na daktari akiuliza anakunywa kiasi gani, mtajieni idadi ya chupa na ukubwa wake.